Wakuu, mchapishaji anataka jibu Ijumaa: jalada gumu au laini?

Ufunguo Mdogo
Habari za humu wakuu. Nina mswada wa kitabu cha ufundi wa saa za mkono, zile za kutia ufunguo zisizotumia betri. Maneno 64,000, michoro 90, kazi ya miaka mitatu. Mchapishaji nimeshampata. Anataka nichague kabla ya Ijumaa: jalada gumu au laini, nakala 300 au 500. Usingizi umenipaa. Naombeni ushauri, kejeli wekeni pembeni.

Siti ya Mbele
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa.

Karatasi Themanini
Laini. Kitabu cha fundi hulala mezani kimefunguliwa huku mikono ina mafuta. Ila usikubali gundi tupu mgongoni, maana ukikilazimisha kilale kurasa zitaanza kuchomoka moja moja. Kishonwe uzi kwanza, gundi ifuate.

Sasa hesabu. Kwa saizi ya A5, herufi za pointi 11, ukurasa hubeba maneno kama 300. Maneno yako ni kurasa 213 hivi. Michoro 90, kila mmoja ukila theluthi ya ukurasa, ni kurasa 30 zaidi. Ongeza jina, yaliyomo na dibaji, unakaribia 250. Mashine hizi za nakala nyingi huchapa karatasi kubwa ambayo aghalabu hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo lenga 256, yaani mikunjo 16 kamili. Ukifika 259 umeingia mkunjo wa 17, na kurasa 13 zitabaki nyeupe huku umezilipia.

Jalada lisichorwe leo. Upana wa mgongo unategemea idadi ya kurasa na unene wa karatasi, na vyote viwili bado hujavijua. Likishachorwa, rangi ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiteleza kidogo utaona ukingo mweupe.

Michoro ya kalamu iskaniwe kwa vitone 1,200 kwa inchi. Wengi huskani kwa 300 kwa sababu ndicho kipimo cha picha za kamera, halafu meno ya gurudumu yanatoka kama ngazi.

Mzee wa Busara
Vijana mnakimbilia jalada, mswada haujasomwa na mtu wa pili! Mpe mwanafunzi wa ufundi sura ya kufungua mashine ya saa, kaa pembeni, funga mdomo. Kila atakapokuuliza kitu, hapo ndipo pameandikwa vibaya. Kama hukumwambia alegeze kwanza nguvu ya springi kuu kabla ya kugusa daraja la magurudumu, kile kibati kinachoyashikilia, utasikia mlio, na meno yatakuwa yameshavunjika. Kwenye riwaya mhariri akikosea msomaji hununa tu, lakini wewe utaharibu saa ya mtu.

Mama Prufu
Mnajibu maswali yasiyo na haraka. Mtoa mada, nani analipia uchapaji? Mchapishaji hulipia uhariri, upangaji wa kurasa na uchapaji, kisha anakulipa mirabaha, yaani mgawo wako wa mauzo. Anayekuuliza utanunua nakala ngapi ni muuza huduma. Kuuza huduma si kosa, lakini basi mkataba uwe wa huduma: haki zote zibaki kwako, mafaili ya mwisho ukabidhiwe, na kila kazi iwe na bei yake.

Na hiyo michoro 90, umeichora wewe?

Ufunguo Mdogo
Ahsante mama. Tunachangiana. Awamu ya kwanza nimeshalipa, na haki anachukua yeye kwa kuwa ndiye mwenye soko. Nimeridhika na hilo. Michoro nimeichora upya kutoka kwenye chanzo. Tafadhalini, gumu au laini?

Mkia wa Nge
Chanzo gani?

Bwana Faharasa
Wakati tunasubiri: kitabu cha ufundi kisicho na faharasa, ile orodha ya mwisho ya maneno na namba za kurasa zake, ni kama duka lisilo na rafu. Faharasa hutengenezwa kurasa zikishapangwa na kufungwa, si kabla. Ukihamisha aya moja baada ya hapo, namba zote za mbele yake zinakuwa za uongo. Maneno 64,000 tenga kurasa 6 hadi 8. Na usiorodheshe neno kwa sababu tu limetajwa. “Saa” kwenye faharasa ya kitabu cha saa ni utani.

Mkia wa Nge
Chanzo gani mkuu? Nauliza mara ya pili.

Ufunguo Mdogo
Basi niseme. Kuna fundi mzee alifariki, nikanunua vifaa vyake kwa binti yake. Ndani ya sanduku mlikuwa na madaftari manne, maandishi na michoro yake. Nililipia sanduku na vilivyomo. Sura ya 4 hadi ya 9 zimetoka humo, lugha nimeinyoosha mimi. Kwenye shukrani nimemtaja kwa heshima zote. Bila mimi mchwa wangeyamaliza, kwa hiyo sioni kosa langu.

Siti ya Mbele
Kumbe swali la jalada lilikuwa pazia.

Mkia wa Nge
Ulinunua karatasi, hukununua hakimiliki. Daftari na maneno yaliyomo ni mali mbili tofauti, kama barua: karatasi ni ya aliyepokea, maneno ni ya aliyeandika. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao nchi nyingi ziko ndani yake, siku hizi unataka kazi kama hii ilindwe maisha ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefika 70. Kwa hiyo mwenye haki sasa ni warithi.

Lakini tenganisha. Njia ya kusafisha ekseli au kunyoosha springi ya nywele, ile nyembamba ya ndani ya saa, haina mwenyewe, yeyote anaweza kuieleza. Kinacholindwa ni jinsi mzee alivyoieleza na alivyoichora. Kunyoosha lugha hakuzifanyi sentensi kuwa zako. Kuchora upya mchoro uleule kwa pembe ileile nako ni kunakili. Na shukrani si ruhusa.

Sasa fungua mkataba wako, tafuta kifungu cha dhamana. Aghalabu kinasema mwandishi anathibitisha kazi ni yake na si ya mtu mwingine, na kesi ikija atamfidia mchapishaji. Umesaini?

Ufunguo Mdogo
Nimesaini ukurasa wa mwisho tu.

Kaa la Moto
Hii chai, tena ya moto. Kwanza jalada, kisha madaftari ya marehemu, sasa “ukurasa wa mwisho tu”. Huyu hana kitabu, anakusanya somo la bure akaliuze. Ukweli kama upo, weka ISBN uliyopewa, ile namba ya utambulisho wa kitabu.

Ufunguo Mdogo
Sina sababu ya kudanganya. Hii hapa, iko kwenye sampuli aliyonitumia: 9786754072381.

Karatasi Themanini
Nimeipiga hesabu. Tarakimu 12 za kwanza zidisha kwa 1, 3, 1, 3 hadi mwisho, jumlisha, kisha ya 13 inapaswa kuifikisha jumla kwenye makumi kamili. Hapa jumla ni 122, kwa hiyo ya mwisho ingekuwa 8. Wewe una 1. Namba hii haiwezi kuwa ya kitabu chochote.

Kaa la Moto
Si nilisema! Uzi ufungwe.

Mama Prufu
Taratibu. Mtu anayetunga kisa angeweza kunakili namba ya kitabu chochote kilicho karibu naye. Yawezekana aliyeitunga namba ni huyo mwenye soko. Mtoa mada, muulize ISBN imesajiliwa kwa jina la mchapishaji gani, halafu ihakikishe kwa wakala wa ISBN wa nchi yenu. Na kumbuka, jalada gumu, jalada laini na kitabu cha kielektroniki kila kimoja hupewa namba yake. Amekupa moja hata kabla hujachagua jalada?

Ufunguo Mdogo
Nimemuuliza. Anasema hiyo ni ya muda, halisi itatoka nikilipa awamu ya pili.

Mama Prufu
ISBN ya muda haipo. Usilipe. Mwandikie kwamba unasitisha hadi haki za wengine zithibitishwe, uombe nakala ya mkataba yenye kurasa zote, uipeleke kwa mwanasheria. Angalia kama kuna kifungu cha haki kukurudia asipochapa ndani ya muda fulani.

Ukitoka salama, kitabu cha maarifa hakihitaji kupelekwa kizima. Wachapishaji wengi hupokea pendekezo: kitabu kinahusu nini, nani atakisoma, vitabu vinavyoshindana nacho na chako kinaongeza nini, muhtasari wa kila sura, wewe ni nani, na sura moja au mbili kamili. Peleka za kwako, si ya 4 hadi ya 9.

Ufunguo Mdogo
Lakini sura hizo sita ndizo kitabu chenyewe. Na binti nikimwambia, akikataa je?

Mkia wa Nge
Akikataa utaziandika upya kutoka mezani: fungua saa, andika unachokiona, madaftari yakiwa yamefungiwa kabatini. Akikubali, ruhusa iwe ya maandishi, isainiwe na warithi wote, maana yeye peke yake huenda hana mamlaka ya kuwasemea wenzake. Itaje madaftari, lugha, aina za toleo, muda, na mgawo wao wa mirabaha. Pendekeza pia jina la mzee likae kwenye jalada pamoja na lako.

Ufunguo Mdogo
Kwenye barua ya kumwomba binti ruhusa, nimwandikie kwamba yaliyotoka kwenye madaftari ni kama asilimia 40 ya kitabu?

Mkia wa Nge
Usimtajie asilimia. Piga picha kurasa za daftari, weka kando ya kurasa zako, mpelekee zote.

Bwana Faharasa
Na madaftari yenyewe umpelekee akayaone.