Anotesheni, XML au kanuni ya majina: fildi na kolamu mnazioanishaje?

fundi_kodi: Wakuu, nimerithi mradi wa Java wenye majedwali ya kale. Kolamu zinaitwa CUST_NM, DT_CRT, ACTV_FLG na vituko vingine. Kwenye klasi nataka majina yanayosomeka: jinaLaMteja, tareheYaKuundwa. Niweke anotesheni (alama ya maelezo ndani ya kodi) ya @Column juu ya kila fildi, niandike faili la XML pembeni, au niiachie Hibernate, maktaba inayounganisha klasi na majedwali, ijipangie majina?

panya_wa_sql: Kujipangia sahau. Ukiwa na Spring Boot (fremu ya kujengea programu za Java), jinaLaMteja litageuzwa jina_la_mteja na hapo ndipo mwisho wake. CUST_NM Hibernate hailijui hata ikeshe. Weka @Column(name = "CUST_NM").

Ila kuna mtego. Mpangilio wa kawaida wa Spring Boot hupitia hata majina uliyoyaandika mwenyewe: ukiweka "custName", SQL itatafuta cust_name. Kama databesi yako inatofautisha herufi kubwa na ndogo, badilisha physical-strategy, yaani huo mpangilio wa majina, kabla hujaanza kulaumu dereva.

mama_jedwali: Mimi XML sijaizika. Programu ileile ikifungwa kwa wateja wawili wenye kolamu tofauti, orm.xml, hilo faili la XML la kuoanisha, hufunika anotesheni bila kugusa klasi. Kwa mradi wa databesi moja, hapana, ni mzigo tu: unabadilisha jina la fildi, faili linabaki nyuma, programu inagoma kuwaka.

kijana_wa_usiku: Na length = 100 ndani ya @Column je? Itazuia mtu kuingiza jina refu?

panya_wa_sql: Haizuii. Inatumika Hibernate inapokuundia jedwali. Usipoitaja ni 255. Jedwali lako lipo tayari, kwa hiyo hapo ni pambo. Kukagua data tumia @Size na @NotNull.

fundi_kodi: Sawa. ACTV_FLG ina 'Y' na 'N', kwenye klasi nataka boolean (kweli au si kweli).

mama_jedwali: AttributeConverter (konveta ya thamani), ipo tangu JPA 2.1 ya 2013; JPA ndiyo kanuni sanifu ya Java ambayo Hibernate huifuata. Klasi moja yenye mbinu mbili, ya kwenda na ya kurudi, kisha @Convert juu ya fildi. Amua mapema null (pasipo na thamani) itasomwaje, maana majedwali ya kale hayakosi null.

Na kama una enum (orodha maalumu ya thamani), usiiache hivihivi. Bila kuelekezwa, JPA huhifadhi namba ya nafasi yake. Siku mtu akichomeka thamani mpya katikati, rekodi za zamani zinabadilika maana kimyakimya, hakuna kosa litakaloonekana kwenye logi. Andika @Enumerated(EnumType.STRING).

kijana_wa_usiku: Hii ya enum ingefaa iwe onyo jekundu kwenye kila IDE.

fundi_kodi: Nakwenda na @Column na konveta. Databesi ni moja, XML ya nini. Asanteni.

panya_wa_sql: Weka pia ddl-auto=validate, Hibernate ilinganishe klasi na majedwali. Kolamu ikikosewa jina, utajua programu inapowaka.