Lami ya Cape Leveque: wamewekewa wenyeji au wapita njia?

Mleta mada:
Wakuu, huku Perth ninakoishi mada hii ya kuweka lami njia za vijiji vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ikiguswa watu hawasalimiani tena, nikaona tuijadili kwa lugha yetu. Kaskazini-magharibi ya Australia kuna rasi iitwayo Dampier. Kutoka mji wa Broome hadi ncha yake, Cape Leveque, ni kilomita 200 na ushee, na huko ndiko waliko Waaborijini wa Beagle Bay, Djarindjin, Lombadina na Ardyaloon. Kwa miaka mingi, kilomita 90 hivi za njia hiyo zilikuwa udongo mwekundu mtupu. Kiangazi ni vumbi na matuta-matuta ya kulegeza kila nati ya gari. Mvua zikishuka ni tope, njia inafungwa, mzigo wa duka unakwama na mgonjwa anasubiri ndege. Mwishoni mwa 2020 lami ikakamilika, kwa dola za huko milioni 65 hivi.

Sasa zamu ni ya njia nyingine, ikiwemo Tanami inayokatiza jangwa kwa kilomita elfu moja. Mimi nasema wekeni lami, na sababu yangu kubwa wala si vumbi. Novemba 2014, serikali kuu ilipojitoa kugharamia umeme na maji ya vijiji vya mbali vya Waaborijini, mkuu wa serikali ya jimbo la Australia Magharibi, Colin Barnett, alisema kati ya vijiji 274 huenda 100 hadi 150 vikafungwa. Miezi michache baadaye Tony Abbott, waziri mkuu wa nchi, akayaita maisha ya huko ni chaguo la mtu, ambalo serikali haiwezi kulilipia milele. Watu wanaoishi kwenye ardhi ya mababu zao! Kijiji kilichofikiwa na lami si rahisi kukifuta kwenye ramani. Nipingeni.

Mzee wa Kontena:
Nakupinga, mkuu. Ile njia mbovu ilikuwa askari wa getini asiyedai mshahara. Aliyefika ni mwenye gari la maana na shida ya kumfikisha. Leo anafika yeyote mwenye kigari cha kukodi, anaegesha anapotaka, anavua samaki anapotaka. Kuna sehemu za mila ambazo hata mwenyeji haingii hovyo, nyingine za wanawake tu, nyingine za wanaume tu. Mtalii atajuaje? Na vijiji vingi vya Waaborijini vimejiwekea marufuku ya pombe. Mlanguzi wa pombe naye anaipenda lami, tena kuliko mama mjamzito.

Mleta mada:
Hapo kwa mama mjamzito umekosea njia, mzee.

Muuguzi wa zamu:
Jamani, mniache niseme kidogo, maana nimehudumia wagonjwa wa figo huku. Mji sitautaja. Mtu anayesafishwa damu kwa mashine anakwenda mara tatu kwa wiki, kila safari ni saa kadhaa kitini. Kwao ni kilomita 500. Hata umwekee lami ya kung'aa kama kioo, hawezi kwenda na kurudi. Anahamia mjini, mbali na nduguze, na wengine wanafia huko wakilia kwao.

Watu wa Kintore na Kiwirrkurra, magharibi kabisa ya Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, walilijua hili. Mwaka 2000 wasanii wao walichora picha zikapigwa mnada Sydney, zikaingiza zaidi ya dola milioni moja. Zile fedha zilianzisha huduma ambayo mwaka 2004 iliwapelekea mashine Kintore kwenyewe. Mgonjwa akarudi kulala kwake.

Kwa hiyo mleta mada, hoja yako naigeuza. Lami ikishafika, kuna mtu ofisini na kikokotoo chake atauliza: kwa nini tumlipe muuguzi wa kukaa kijijini, si watu wapande gari waje Broome? Hivyo ndivyo kijiji kinavyofungwa bila tangazo. Zahanati inaondoka kwanza, kisha shule, mwisho wanabaki wazee wawili na mbwa. Pamoja na hayo, mimba ikigoma Februari, mwezi wa mvua, nami nitaitaka hiyo lami usiku uleule. Sitaki tu ihesabiwe kuwa ni huduma ya afya.

Fundi Greda:
Mnabishana juu ya ngozi, mwili mmeusahau. Lami peke yake haifanyi njia ipitike mwaka mzima. Januari 2023 mto Fitzroy ulifurika ukalibomoa daraja la Fitzroy Crossing, na hiyo ni barabara kuu yenye lami miaka na miaka. Daraja jipya lilifunguliwa Desemba. Muda wote huo malori yalizunguka au yalisubiri. Tuta liinuliwe, kalavati ziwe kubwa, maji yapewe pa kupita. Ukilaza lami juu ya ardhi tambarare, mvua ya kwanza itakuonyesha.

Mzee wa Kontena:
Fundi kanena. Lakini la geti bado hamjanijibu.

Mleta mada:
Nakujibu, mzee. Unawazungumzia hawa kama watoto wa kufungiwa mlango. Djarindjin wana uwanja wao wa ndege na wanauzia mafuta helikopta zinazokwenda kwenye visima vya gesi baharini. Biashara na wageni wanaijua. Hata kiwanda cha gesi kilichotakiwa kujengwa James Price Point, rasi hiihii, wenyeji waligawanyika, wengine wakitia saini na wengine wakilala barabarani kuzuia magari, na mwaka 2013 kampuni ikaachana nacho. Waliosaini na waliozuia wote walijua wanachokitaka. Ninachokubali ni hiki: vibali, ada ya kuingia na walinzi wa kwao vipangwe kabla greda halijawashwa. Na la dada muuguzi limeniingia. Sikuwa nimeliwaza.

Muuguzi wa zamu:
Basi kwenye mkataba wa Tanami iandikwe kwamba zahanati haipunguziwi mtu. Huko kuna mgodi wa dhahabu na ng'ombe wa kusafirishwa, mtasikia ni barabara ya wenyeji hadi malori yaanze kupita.

Fundi Greda:
Hilo la mkataba mimi simo. Ila ningepewa fedha ya kilomita chache tu Tanami, nisingeanzia mgodini wala mjini. Ningeanza na kile kivuko cha Sturt Creek karibu na Billiluna. Maji yakijaa pale, lami ya mbele na ya nyuma haina kazi.