Msimu wa korosho na mtoto asiyeachika: halmashauri itushikie hata siku mbili?

Mama Chikongola: Wadau wa Kusini, salaam. Nina swali na naomba lisigeuzwe siasa. Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Ana miaka 9, hakai mwenyewe, hali mwenyewe, na kifafa kinamjia kikitaka. Korosho zimeanza kudondoka, zikinyeshewa chini, ghalani unaambiwa daraja la pili. Shamba naenda naye mgongoni, na uzito wake sasa si wa kubebwa na kanga. Huko England tangu 2011 kuna kanuni: halmashauri lazima iwe na huduma ya kumpokea mtoto mwenye ulemavu mchana, hata kulala, jioni na mwisho wa wiki, ili anayemlea naye apumue. Zetu zinakula ushuru wa mazao, asilimia 3 ya bei ya korosho. Haiwezi kutoka humo nyumba moja ya kata, yenye watu wawili waliofundishwa, walau Oktoba mpaka Desemba?

Nahodha wa Mikindani: Pole sana dada. Ila kituo hapana. Leo utamwacha siku mbili, mwezi ujao wiki, mwakani mtoto kawa wa serikali. Huku kwetu mtoto ana wenyewe. Zamani mjomba alikuwa anamchukua dada yake na mtoto, wanakaa kwake mpaka msimu uishe. Kinamama mmewafukuza wajomba, sasa mnaita halmashauri.

Binti Mmwera: Wamefukuzwa na nani? Wa kwetu anaijua tarehe ya mnada wa korosho kuliko siku ya kliniki. Malipo yakiingia yuko mlangoni kavaa kanzu. Mtoto akianguka kifafa, yuko safari ya Liwale.

Mpwa wa Newala: Safari ya Liwale 😂😂 mama umenimaliza.

Karani Mstaafu: Marekebisho kidogo. Ushuru wa mazao halipi mkulima, analipa mnunuzi. Na asilimia 3 ni tangu 2017, kabla ya hapo ilikuwa 5. Tuwe na takwimu sahihi tunapoidai serikali.

Mama Chikongola: Karani, shikamoo. Mnunuzi huo ushuru anautoa wapi kama si kwenye bei anayoniandikia mimi? Nimeuliza nyumba ya watoto, wewe umeniletea risiti.

Mjomba Halisi: Nimevumilia nimeshindwa. Mimi ni mjomba. Mtoto wa dada yangu nimelala naye wodini, nguo zake nafua mimi, na hiyo kanzu ninayosemwa ndiyo niliyoiuza akanunuliwa dawa. Mbona hamumuulizi baba? Siku daktari alipotaja mtindio wa ubongo, baba akasema kwao hakuna mtoto wa namna ile, akapanda boda. Mjomba anasemwa mpaka anakufa, baba ana msamaha wa Rais.

Binti Mmwera: Mjomba, kama wewe hukukimbia si wewe niliyemsema. Mbona unavaa kofia isiyo yako?

Mjomba Halisi: Umesema "wajomba". Mimi ni nani, shangazi?

Mzawa wa Ruangwa: Nyie Mtwara mna kelele. Huku Lindi mjomba hata mpwa akienda jando anatoa yeye.

Mpwa wa Newala: Jando ndiyo anatoa, kuna ngoma na watu wanamwona. Nani kapigiwa ngoma kwa kubadilisha nepi ya mtoto wa miaka 9?

Mzawa wa Ruangwa: Usitukane mila, kijana.

Mpwa wa Newala: Mila gani? Nepi?

Kijana wa Tandahimba: Tutulie. Si kuna ule mfuko wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, watu wenye ulemavu wana 2 zao? Mama aende kwa afisa maendeleo akachukue.

Karani Mstaafu: Ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024.

Mama Chikongola: Ule ni mkopo, mwanangu. Unajaza fomu, unaanzisha biashara, unarejesha. Nikianzisha biashara nani anamshika mtoto? Swali ni lile lile, sasa lina na deni juu.

Mazoezi ya Viungo: Nafanya kazi na watoto hawa, hebu niseme kitu kimoja ambacho wajomba hawajakigusa. Mtoto wa hivi uji anakunywa saa nzima. Ukimlisha kalala, au kichwa kimelegea nyuma, unaingia kwenye mapafu. Baada ya wiki mnasema kalogwa, kumbe ni nimonia. Anakaa wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kiwe kidogo, unasubiri ameze ndipo unaongeza. Anayempokea lazima ajue hilo, ajue dawa ya kifafa ni saa ngapi, na ajue kwamba degedege likifika dakika 5 hospitali haina mjadala. Hofu yangu na kituo ni hiyo: serikali ikijenga jengo ikaweka mlinzi na friji, haijasaidia mtu. Afadhali majirani wawili wafundishwe, walipwe posho ya msimu, waje nyumbani kwa mama.

Nahodha wa Mikindani: "Mnasema kalogwa"? Nani kasema kalogwa humu? Watu wa vyeti mna dharau sana. Bibi zetu wamelea watoto hawa bila semina.

Mazoezi ya Viungo: Wamelea, na wengi wamewazika wadogo. Sijamdharau mtu.

Nahodha wa Mikindani: Haya, umeshinda, una cheti.

Binti Mmwera: Nahodha, hebu tuambie. Wewe una mpwa?

Nahodha wa Mikindani: Mada si mimi.

Binti Mmwera: 😂 Safari ya Liwale.

Fundi wa Masasi: Samahani kuingilia ugomvi wa ukoo. Huyo wa mazoezi kasema mtoto akae wima. Akae wapi? Mimi natengeneza kile kiti cha pembe, mgongo unaegama kwenye kona ya mbao, mbele kuna kimeza, katikati ya miguu kigingi asiteleze. Hata kwenye turubai chini ya mkorosho kinakaa.

Mama Chikongola: Fundi, kiasi gani?

Fundi wa Masasi: Inategemea mbao, mama. Mninga siku hizi haushikiki. Mwembe nafuu, ila usipokauka vizuri unaliwa na dudu.

Mazoezi ya Viungo: Kuna wanaokitengeneza kwa maboksi pia. Unabandika tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga wa ngano mpaka kinakuwa kigumu kama ubao. Ila mpime kwanza urefu wa paja, kiti kikimzidi atateleza hicho hicho.

Karani Mstaafu: Maboksi na mvua ya Desemba?

Fundi wa Masasi: Kinapakwa rangi ya mafuta, mzee. Mama, nitumie vipimo kwa ujumbe: kisogo mpaka kiti, na paja.

Mjomba Halisi: Na mimi nitumie bei fundi, viwili. Na yule aliyesema kanzu bado namsubiri aniombe radhi.

Binti Mmwera: Utasubiri mpaka mnada wa mwisho.