Gari la rimoti linazungusha magurudumu ya mbele bure

Swali, Nakuru: Ndugu zangu, nimeunda gari la mashindano la kipimo cha 1/8, la umeme, linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Kila nikiongeza mwendo nikitoka konani, magurudumu ya mbele huzunguka bure, nalo gari halisongi ipasavyo. Difu ya kati, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina oili ya silikoni yenye uzito wa 3,000. Tena beringi zimeanza kukwaruza.

Jibu la kwanza: Oili hiyo ni nyepesi mno. Gari likiondoka kwa kasi, uzito hurudi nyuma na nguvu hukimbilia mbele kusiko na mzigo. Jaribu 7,000, na usiguse difu nyingine kabla ya kuona matokeo.

Jibu la pili: Naafikiana naye. Kuhusu beringi, vumbi la huko Menengai ni jembamba kama unga, kwa hiyo usilioshe gari kwa maji ya kasi, yatasukuma vumbi ndani ya beringi. Bandua vifuniko, suuza beringi kwa mafuta ya taa, zikauke, kisha tia tone moja la oili nyepesi. Shokomzoba nazo zibonyeze polepole: ukisikia mlio wa mapovu, hewa imeingia.

Muulizaji: Ya nyuma kushoto inalia hivyo hasa. Naifungua leo jioni.