Watoto wa chekechea na dinosaria: michezo gani ya mikono inawafundisha kweli?

Swali, kutoka kwa mwalimu wa chekechea

Walimu wenzangu, salaam. Watoto wangu wa miaka 4 na 5 wanataja majina marefu ya dinosaria bila kukosea, lakini nikiwauliza tumejuaje kwamba wanyama hao waliwahi kuishi, wananyamaza. Ningependa wajifunze kwa kushika na kutenda, wala si kwa kutazama picha tu. Je, nianzie wapi, na suala la miaka milioni 66 iliyopita tangu dinosaria wakubwa watoweke nilieleze vipi?

Jibu la kwanza

Mwalimu, anza na alama kabla ya mnyama. Kanda vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na kikombe 1 cha maji, kisha kila mtoto agandamize jani, kombe la pwani au mguu wa mwanasesere wa dinosaria na kuuondoa. Wabadilishane vipande, na kila mmoja akisie ni kitu gani kilichopita hapo. Mtoto anayesema "kilikuwa na vidole vitatu" tayari anafikiri kama mtafiti wa visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa mwambani, hata kama jina la mnyama halijui. Donge likishakauka, mimina jasi ndani ya alama ili waone jinsi shimo lililoachwa na kitu linavyoweza kujazwa na kuwa jiwe lenye umbo lilelile. Baadhi ya visukuku vilitokea hivyo, pale madini yalipojaza nafasi iliyobaki katika matope yaliyogeuka mwamba.

Tahadhari mbili ni za lazima. Donge hilo lina chumvi nyingi mno, kwa hiyo lisiliwe kamwe. Na jasi hutoa joto inapoganda, hivyo aikoroge mtu mzima na mtoto asitumbukize mkono humo.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, nami naongeza ukubwa na meno. Nyosheni kamba ya mita 12 uwanjani, ambayo ni karibu urefu wa Tyrannosaurus, watoto walale kwa kufuatana kando yake na wajihesabu. Papo hapo waonyesheni Compsognathus, aliyekaribia ukubwa wa kuku, maana wengi wanaamini kwamba dinosaria wote walikuwa majitu. Kuhusu meno, wape kitana wakipitishe kwenye kitawi chenye majani: Diplodocus alikwangua majani kwa meno membamba kwa namna inayofanana na hiyo.

Jibu la tatu

Mchezo wa kufukua mifupa mchangani unapendwa sana, ila mara nyingi huishia kuwa mbio za kunyakua. Gawa sanduku kwa nyuzi, kila mtoto awe na mraba wake na brashi, na asiondoe mfupa kabla ya kuchora mahali ulipolala, kwa sababu mahali penyewe ni sehemu ya ushahidi.

Milioni 66 usiwahesabie. Katika umri huo mpangilio wa matukio unatosha. Weka wanasesere wa watu mbali na dinosaria wakubwa, na hata Stegosaurus usimchanganye na Tyrannosaurus, kwani walitenganishwa na muda mrefu kuliko ule unaomtenganisha Tyrannosaurus na sisi. Kisha watoke nje wamtazame ndege akitembea na walinganishe nyayo zake na alama walizotengeneza, kwa kuwa ndege ni wazao wa dinosaria.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Nitaanza na alama, nikimaliza na ndege, na majina yatakuja baadaye. Je, kwa watoto walio chini ya miaka 3 mnatumia mifupa ya ukubwa gani?

Jibu la tatu

Isiyoweza kuingia mdomoni kabisa. Nami kwao huacha mchanga na kutumia nyayo kubwa zilizochorwa sakafuni, wakazikanyaga moja baada ya nyingine.