Nina uoni hafifu, nimepata sapu mbili (mitihani ya kurudia) kwa sababu ya kutoiona karatasi ya mtihani. Nianzie wapi?

Binti_wa_Nzega

Habari za majukumu wakuu. Mimi ni binti mwenye ualbino, miaka 21, nasoma mwaka wa kwanza shahada ya uhasibu kwenye chuo ambacho naomba nisikitaje. Sekondari mitihani ya taifa haikunipa shida. Mwalimu wangu alinisajili Baraza la Mitihani kama mtahiniwa mwenye uoni hafifu, karatasi zikaja za maandishi makubwa na nikaongezewa muda. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kuandika. Nikadhani chuoni nako ni vivyo hivyo.

Siku ya UE ya kwanza, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, nikapewa karatasi ileile ya wenzangu. Majedwali yana tarakimu ndogo mno, 3 na 8 nazitofautisha kwa kukisia. Nikamwita msimamizi, akasema hana maelekezo yoyote kuhusu mimi na muda ukiisha umeisha. Nilisoma karatasi ikiwa imegusa pua hadi shingo ikafa ganzi. Maswali mawili sikuyafikia kabisa. Matokeo yametoka, sapu mbili, na zote ni masomo ambayo kazi za nyumbani nilikuwa naongoza kundi letu.

Nilipomfuata mhadhiri mmoja aliniambia, "Kwani hukujua uhasibu ni namba? Ungechagua kozi ya kuongea." Nilitembea hadi hosteli nikilia.

Naomba mnisaidie, naanzia kwa nani? Nikijieleza rasmi haitaniharibia, nikaonekana siiwezi kozi? Na hizi sapu nazifanyaje, maana nikipewa karatasi ya aina ile tena najua ninaelekea kudisko, yaani kuondolewa chuo.

Mzee_wa_Kolomije

Pole binti yangu. Ila mimi ningekushauri usijitangaze sana. Kaa mbele, nunua miwani mizuri, pambana kimya kimya. Ukishaandikwa kwenye faili kuwa una tatizo, watu hawaachi kulikumbuka, hata siku ya kuomba kazi.

Shangazi_Ukerewe

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo kwenye miwani nakukatalia. Mimi nina ualbino pia, nimemaliza chuo 2016, na hiyo kauli ya "nunua miwani" nimeisikia tangu darasa la kwanza. Kwa sisi, ile sehemu ya katikati ya retina inayoona vitu vidogovidogo haikukomaa tangu tumboni, na macho yenyewe yanachezacheza. Miwani inasaidia kiasi, na ya kukinga mwanga inasaidia sana, ila haiwezi kukipa jicho kitu ambacho halikuzaliwa nacho. Ndiyo maana msaada wetu ni kukuza herufi na kuongeza muda.

Mdogo wangu, wewe hujafeli uhasibu. Ulipewa karatasi usiyoweza kuisoma. Uyashike hayo mawili yasichanganyike kichwani mwako, kwa sababu mimi yalinichanganyikia mwaka mzima na nilikaribia kurudi kwetu.

Mimi nilikosea kwa kuomba kwa mdomo. Nilimwambia mhadhiri koridoni, akaniitikia vizuri, siku ya mtihani yuko safarini na hakuna mwingine anayejua. Andika barua. Iende kwa Mkuu wa Idara, nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi na Afisa Mitihani, na kama chuo chenu kina kitengo cha mahitaji maalumu, nacho kipate nakala. Peleka kwa mkono masjala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaokutetea siku mtu akisema hakupewa taarifa.

Usiandike "naomba msaada" halafu ukaishia hapo. Sema unachotaka kwa vipimo. Herufi za ukubwa wa 18 au 20, zilizokolea, karatasi isiyong'aa. Ukae usiangaliane na dirisha. Slaidi utumiwe kabla ya kipindi, maana projekta hutaiona hata ukikaa mstari wa kwanza. Na hapa nikuonye, wengi watakuambia "tutakukuzia kwa fotokopi". A4 ikikuzwa kwenda A3, herufi ya 12 inafika kama 17 hivi, lakini kile kiti chenye kibao cha kuandikia hakitoshi karatasi ya A3, utakuwa unapigana nayo mtihani mzima. Maswali ya maelezo yachapwe upya kwa herufi kubwa kwenye A4. Majedwali ndiyo yaje kwenye A3, maana ukiyalazimisha kwenye A4 safu zinakatika na namba inaruka mstari. Kwa hiyo omba meza pana pia.

Ambatisha ripoti ya daktari wa macho. Kama huna ya karibuni, hospitali ya CCBRT kwa Dar au KCMC kwa Moshi watakupima uoni hafifu na kuandika unahitaji nini. Waulize na kuhusu darubini ndogo ya mkononi ya kusomea ubao.

Mhadhiri_Msaidizi

Nafundisha chuo kingine, nimewahi kukaa upande wa mitihani. Nisikitike kwanza kwa maneno uliyoambiwa na mwenzetu. Si maneno ya kumwambia mwanafunzi.

Nieleze kwa nini msimamizi hakuweza kufanya lolote asubuhi ile. Karatasi ya UE hutungwa mapema, hupitiwa na mtu mwingine, huchapwa, huhesabiwa na kufungwa kwenye bahasha. Msimamizi hana ruhusa ya kuitoa akaipeleke kukuzwa, wala hana mamlaka ya kuongeza hata dakika tano bila maandishi. Maandishi makubwa yanaandaliwa pale karatasi inapochapwa. Barua ikifika wiki ya mtihani imeshachelewa hata kama kila mtu anakupenda. Kwa muhula huu wa pili iwe imefika kabla ya wiki ya nne, na kwa sapu ipeleke sasa hivi, usingoje ratiba itoke.

Kuhusu muda, tumia uliyopewa na Baraza la Mitihani kama kigezo. Wao huwaongezea watahiniwa wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. UE ya saa tatu yenye hesabu tupu, hoja yako iwe saa nzima, ya nadharia nusu saa. Omba shule yako ya zamani ikuandikie uthibitisho kwamba ulifanya mitihani kwa utaratibu huo. Kamati ikiona kuna chombo cha taifa kilishakukubali, mjadala unakuwa mfupi.

Na ndani ya barua taja Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Taja pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009. Ibara ya 24 inagusa elimu ya juu kwa jina, na ibara ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Mstari mmoja tu unatosha, kwa lugha ya adabu. Msomaji ataelewa kuwa huombi hisani.

Kiziwi_Mwenye_Ndoto

Mimi ni kiziwi, mwaka wa tatu. Ninakubaliana na shangazi kuhusu barua. Nyongeza yangu ni hii, usiende peke yako. Nilipokwenda peke yangu kudai mkalimani wa lugha ya alama niliambiwa bajeti hakuna. Tulipokwenda wanne na kiongozi wa serikali ya wanafunzi anayeshughulikia wenye mahitaji maalumu, tukasikilizwa. Tafuta wenzako chuoni, wapo hata kama huwaoni darasani kwenu. TAS, chama cha watu wenye ualbino Tanzania, wana matawi mikoani, waeleze pia.

Fundi_Simu_Tabora

Kwa upande wa kusoma, dada, kompyuta yako weka NVDA. Ni programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Tatizo ni hendiauti (karatasi za somo anazogawa mhadhiri) zilizopigwa skani, kwa kompyuta ile ni picha tu, hakuna herufi ndani yake, haitasoma kitu. Mwombe mhadhiri faili aliloandikia mwenyewe, la Word au slaidi zenyewe. Akikuuliza kwa nini, mwambie hivyo hivyo.

Msukuma_Leeds

Nipo Uingereza kwa uzamili, nina tatizo la macho pia. Huku Sheria ya Usawa ya 2010 inakitaka chuo kijiandae kabla, kisingoje mwanafunzi aanguke. Sisi tuliotoka nje hatupati ile posho ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu, lakini chuo hakiruhusiwi kukutoza gharama za marekebisho. Kitu kimoja unaweza kukiiga: kitengo chao kiliwaandikia wahadhiri wangu wote barua moja isiyotaja ugonjwa, imetaja tu la kufanya. Mwombe Mshauri wa Wanafunzi akuandikie ya namna hiyo. Hapo na hofu ya Mzee wa Kolomije inapungua, siri yako inabaki na watu wachache.

Mzee_wa_Kolomije

Marahaba mama wa Ukerewe. Nimesoma yote. Nina mjukuu mwenye hali hiyo darasa la sita, na nimekuwa nikimwambia maneno haya haya ya kupambana kimya kimya. Binti yangu, peleka barua.

Shangazi_Ukerewe

Mzee, Mungu akubariki. Mwalimu wake amsajili kwa maandishi makubwa mapema kabla ya darasa la saba. Na binti, kama Bodi ya Mikopo uliomba bila fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa, dirisha la rufaa likifunguliwa iambatishe. Wenye ulemavu wana kipaumbele pale.

Binti_wa_Nzega

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tano. Barua niliipeleka masjala, nakala yangu ina muhuri. Mkuu wa Idara aliniita, akasoma ripoti ya daktari mbele yangu, akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nikamwambia sikujua kuwa natakiwa kusema. Alinyamaza kidogo, kisha akampigia simu Afisa Mitihani nikiwa nimekaa palepale.

Test ya wiki iliyopita nimepata herufi za 18 na dakika 20 za ziada kwa saa moja. Nimemaliza maswali yote, mara ya kwanza tangu nifike chuo. Kwa sapu nimejibiwa kwa maandishi, nitaongezewa saa moja kwa kila karatasi. Yule mhadhiri wa "kozi ya kuongea" hajanitumia slaidi hata moja mpaka leo, kwa hiyo CR wetu, kiongozi wa darasa, ananipigia picha ubao.

Jedwali la test bado walilikata katikati, nusu ukurasa wa pili, nusu wa tatu. Jumatatu nakwenda kwa Afisa Mitihani na karatasi yenyewe nimwonyeshe, pamoja na maelezo ya shangazi kuhusu A3.