Mjadala: Kipimo cha mionzi kwenye udongo kitangazwe siku ileile?

Hoja: Tuseme yadi ya vyuma chakavu Mtwara mjini imekwangua mabomba kuukuu ya gesi. Pale ukoko (uchafu mgumu wa ndani ya mabomba, unaoweza kubeba mionzi ya asili) ulipomwagika, kifaa cha mkononi kinasoma mikrosivati 0.45 kwa saa, yaani kipimo cha mionzi inayompata mtu. Pembeni ni 0.10. Mtaa uambiwe leo, au tusubiri maabara?

Mdau wa Shangani: Uambiwe leo. Sampuli ya kupima radiamu-226, elementi yenye mionzi, hufungwa wiki 3 hadi 4 kwenye chombo kisichovuja, ili radoni (gesi inayotokana na radiamu) na vizalia vyake vilingane nayo, ndipo ihesabiwe. Mwezi mzima huo kuku wanachakura na vumbi linapeperuka.

Mpima wa Lindi: Utangaze nini, kaka? Ziada ni 0.35. Mtu akikaa pale saa 2 kila siku, kwa mwaka anapata milisivati 0.26 hivi (milisivati 1 ni mikrosivati 1,000), ukomo kwa raia ni 1. Halafu huyo aliyepima alipima lini? Mvua ikinyesha, vizalia vya radoni hushuka nayo na kifaa hupanda kwa saa moja au mbili. Apime tena pakavu, mita 1 juu ya ardhi, asome mara 10, kisha afanye vilevile kwenye udongo wa aina hiyohiyo mbali kidogo. Ukibandika namba tupu, kesho utasikia korosho zetu zina sumu.

Mdau wa Shangani: Hiyo 0.26 ni ya nje ya mwili tu, vumbi linalovutwa na kumezwa hujalihesabu. Na mabomba ya gesi huachiwa risasi-210 (metali ya risasi yenye mionzi, kizalia cha radoni), ambayo gama yake, yaani mionzi inayopenya mbali, ni hafifu mno. Kifaa cha gama kinaweza kunyamaza kabisa na uchafu upo! Hapo panahitaji kichwa bapa cha kupimia beta (mionzi isiyofika mbali), sentimita 1 kutoka kwenye udongo.

Mpima wa Lindi: Kwa risasi-210 nakubali. Kwa tangazo, bado.

Afisa Mazingira: Mnachanganya taarifa na tangazo, wakuu. Taarifa iende TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania) siku ileile: alama za GPS, aina ya kifaa na tarehe ya mwisho kuhakikiwa, kimo, usomaji wa pembeni. Mtaani semeni tu: msipite, msifagie. Lowesheni kidogo, funikeni turubai, zungushieni kamba. Sampuli ni kilo 1 ya sentimita 5 za juu, na nyingine ya pasafi. Msichanganye na mchanga ili kushusha kipimo chini ya mpaka wa udhibiti wa bekereli 1,000 kwa kilo (bekereli hupima wingi wa mionzi inayotoka kwenye udongo wenyewe). Radiamu-226 hupungua nusu kwa miaka 1,600, mtakuwa mmeongeza tu udongo wa kubeba.

Mdau wa Shangani: Sawa, ila mwenyekiti wa mtaa apewe nakala yenye namba zote. Kamba bila sababu watu wataikata jioni ileile.